Chamchanga wa Jumamosi: kisa cha ndege mmoja, bwawa moja na jina lililotamkwa mapema

Majina ya watu, ya kijiji na ya bwawa nimeyaondoa. Nimebadilisha pia mambo mawili matatu yasiyogusa kiini, asije mtu akamnyooshea kidole jirani yake. Kosa kubwa katika kisa hiki ni langu, na hilo sikulificha.

## Bwawa, msimu na watu

Ni bwawa la umwagiliaji kaskazini mwa Tanzania, lililochimbwa kwa ajili ya mpunga na vitunguu. Mwishoni mwa kiangazi maji huvutwa mashambani hadi ukingo unarudi nyuma kama hatua mia mbili, na mahali palipokuwa na maji Juni panabaki tope laini lenye harufu ya samaki. Mkulima akiliona tope hilo anahesabu siku zilizobaki kabla ya mvua. Ndege mwenye mdomo mrefu akiliona anashuka, kwa maana limejaa mabuu na minyoo.

Vitabu vya shule hutuambia Ulaya nako kuna "vuli", majira ya majani kupukutika. Vuli yetu ni mvua. Ndege hawa wanazijua zote mbili: huikimbia ile ya majani na kufika huku kabla ya ile ya mvua, na katikati ya hizo mbili ndipo tope linapokuwa wazi. Kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi mvua zinaposhika, bwawa dogo kama hili linaweza kuwa na ndege waliotoka tundra ya Siberia, yaani nyika za baridi zisizo na miti, akiwemo *Calidris minuta*, kitwitwi ambaye uzito wake ni kama wa vijiko sita vya chai vya sukari.

Wavuvi wa pale huwaita wote vitwitwi, na hawana kosa. Hata vitabuni, neno chamchanga hubeba ndege wengi wa tope ambao mtaalamu huwatenganisha kwa majina ya Kilatini. Katika kikundi chetu cha watazama ndege tumejitungia majina ya nyumbani. *Calidris pugnax* tunamwita joho, kwa sababu wakati wa kuzaliana dume huota ukosi mkubwa wa manyoya shingoni, kila mmoja na rangi yake. Huku mara nyingi anafika ameshalivua, amebaki ndege wa kijivu na kahawia, mwenye shingo ndefu na kichwa kidogo. Shikilia hilo, maana kisa chote kinamzunguka yeye.

Siku hiyo, Jumamosi ya katikati ya Oktoba, tulikuwa tisa: mwalimu wa sekondari, waongoza watalii wawili, vijana watano, na mimi niliyekuwa kiongozi wa hesabu. Tulikuwa na darubini nne, kamera moja yenye lenzi ndefu na teleskopu moja ya kuazima. Fomu ilikuwa na safu tano, ya kwanza ikiwa "Jina la ndege". Wakati ule sikuona ubaya wowote wa mpangilio huo.

## Asubuhi yenyewe

Tulipanga tufike saa 12 asubuhi. Pikipiki moja ikapata pancha njiani, tukafika saa 1:30, jua limeshapanda. Barabara inaishia kwenye tuta la magharibi, na mtu aliyesimama pale asubuhi anatazama mashariki, jua machoni. Ndege wote walikuwa vivuli vyeusi juu ya maji yanayometa.

Nikagawa watu. Wanne wazunguke hadi upande wa mashariki, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu, wahesabu kutokea huko. Watano tubaki tutani. Teleskopu ikabaki na sisi kwa sababu ni nzito, yaani chombo chetu bora kilibaki mahali penye mwanga mbaya kuliko pote. Kwa nini nilifanya hivyo? Uvivu wa kubeba tu.

Saa 2:05 ndege mmoja aliruka kutoka kwenye matete, akapita karibu na binti wa kidato cha tatu aliyekuwa amekaa juu ya jiwe pembeni ya wenzake, akatua kona ya kusini. Pale jua lilimpiga ubavuni na rangi zake zikaonekana. Binti alifungua daftari lake, si fomu, akaandika. Hakumwita mtu.

Saa 2:15 kijana mwenye kamera akamwona ndege yuleyule. "Mwalimu, hebu njoo umuone huyu." Alikuwa anakula kando ya joho dume, na tofauti ilishangaza: dume mkubwa, mrefu, wa kijivu, na huyu mdogo, kifua safi cha rangi ya samli, uso mtupu usio na mistari, jicho jeusi la mviringo kama punje ya pilipili manga. Mwalimu akatazama, akaniachia teleskopu. Nikatazama labda nusu dakika. Kisha nikasema, kwa sauti, mbele ya watu wote: "Huyu ni *subruficollis*."

*Calidris subruficollis* ni chamchanga wa Marekani. Huzaliana Aktiki ya Amerika Kaskazini na hushuka hadi nyasi za Argentina na Uruguay. Afrika hufika mara chache sana, akiwa amepotea. Kwa mtu wa ndege, kumwona kwenye bwawa la vitunguu ni sawa na kuokota dhahabu njiani.

Baada ya hapo kila mtu alimwona *subruficollis*. Kamera ilipiga picha sita, zote ndege akiwa amesimama. Fomu tatu zilijazwa hapohapo. Saa 2:40 kozi, ndege mwindaji, alipita chini kwa kasi, na bwawa zima likainuka kama zulia linalokung'utwa. Makundi yalizunguka mara tatu, mengine yakashuka mashariki, mengine yakapotea kabisa. Ndege wetu hatukumwona tena.

## Nilichoamua, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza nilishausimulia: kutamka jina. Sababu niliyojipa ni kwamba nilikuwa na uzoefu kuliko wote na vijana walihitaji kuelekezwa.

Wa pili ulikuwa wa haraka zaidi. Kijana aliniuliza, "Kaka, nitume kwenye grupu?" Nikamwambia atume. Grupu la WhatsApp lina watu zaidi ya mia mbili, wengi wao waongoza watalii na madereva. Alituma picha mbili, jina, na ramani yenye alama ya mahali tulipokuwa tumesimama. Ramani hiyo mimi ndiye niliyemwambia aiweke. Nilifikiri wenzetu wakija haraka wataweza kuthibitisha. Hilo lina ukweli ndani yake: ndege adimu akionwa na macho mengi rekodi inapata nguvu. Nilichosahau ni kwamba kati ya barabara na kona ya kusini kuna vitalu vya watu.

Wa tatu ulihusu hesabu. Sisi wa magharibi tulikuwa na majoho 287 kabla ya kozi kupita. Wenzetu wa mashariki walirudi na 412. Kujumlisha ingekuwa rahisi, na mmoja alishaanza kujumlisha. Tulipoulizana, ikajulikana kwamba wao walianza kuhesabu karibu saa 2:30 na kumaliza saa 3:20, na fomu yao ilikuwa na saa ya kuanza na ya kumaliza tu, bila saa ya kila kundi. Hakuna aliyeweza kusema ni wangapi kati ya 412 waliokuwa upande wetu dakika kumi kabla. Niliamua tupeleke 412 kama idadi ya chini kabisa, pamoja na maelezo ya kozi, na 287 ibaki kwenye daftari. Huu ndio uamuzi pekee wa siku ile ambao ningeurudia vilevile.

## Yaliyofuata

Jumapili asubuhi zilikuja gari mbili. Watu wasiopungua saba walishuka, wakakata njia moja kwa moja kuelekea kona ya kusini. Ndege hawakumpata. Kitalu cha vitunguu cha mzee mmoja wakakipata, wakapita juu yake kwenda na kurudi.

Jumatatu mimi na mwalimu tulikwenda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ninyi ndio wenye ndege?"

Tukasema ndiyo, tumekuja kuomba radhi. Alitupeleka bila maneno mengi. Matuta matatu ya miche, kila mche mwembamba kama sindano, na juu yake alama za soli zilizokwisha kukauka kwenye udongo. Aliinama akachomoa mche uliolala, akaugeuza mkononi. "Mimi sina ugomvi na ndege. Wanakuja kila mwaka, wanaondoka. Lakini ndege hawavai buti."

Tulimlipa bei ya mbegu na vibarua wa siku mbili kutoka mfuko wa kikundi. Kwenye grupu, jambo hili lilizua ubishi ambao sikuutarajia. Mmoja aliandika kwamba mzee hana haki ya kudai chochote, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa. Sheria ipo, ingawa inachokataza ni shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru uhifadhi wa kingo hizo. Lakini kuisimamia ni kazi ya wenye mamlaka. Mtazama ndege hapati ruhusa ya kukanyaga miche ya mtu kwa sababu imepandwa mita 40 kutoka majini, na aliyeandika ujumbe ule, nijuavyo mimi, hakuwahi kuitaja sheria hiyo kabla ya kutakiwa kuchangia fidia.

Upande wa ndege, niliingiza rekodi kwenye eBird, mtandao wa kukusanya rekodi za ndege, Jumamosi usiku. Mfumo ukaitia alama ya nadra, kama unavyopaswa, na ombi la ushahidi likaja. Nilipeleka picha. Mhakiki akajibu kwa upole kwamba picha hazitoshi kumtenga na *pugnax*, yaani joho, jike aliyezaliwa mwaka huu, akauliza kama kuna yeyote aliyeona kiuno cha ndege akiwa anaruka.

Nikauliza kwenye kikundi. Kimya. Kisha binti akaandika, "Mimi niliandika kitu, ila jina sikulijua." Akatuma picha ya ukurasa wa daftari. Nauweka hapa kama ulivyo, kwa ruhusa yake na ya mama yake:

"Saa 2:05. Ndege 1, anakula peke yake. Mdogo sana kuliko wale wakubwa, anamzidi kidogo kitwitwi mwenye nukta nyeupe mgongoni. Kifua rangi ya samli. Mgongo kama magamba ya samaki. Mdomo mweusi, umeinama kidogo nchani. Miguu: tope, sioni. Alivyoruka: kiunoni weupe huku na huku, katikati mstari mweusi. Jina sijui."

Chini yake kulikuwa na mchoro wa ndege aliyetandaza mabawa, amechorwa kwa juu, na juu ya mkia mayai mawili meupe yaliyotenganishwa na mstari.

Kesi ikaisha hapo. Mayai mawili meupe kando ya kiuno ni joho. *Subruficollis* hana weupe huo, kiuno chake ni cha kahawia kama mgongo. Tulikuwa na joho jike aliyezaliwa miezi michache nyuma, ndege wa kawaida kabisa bwawani pale. Nilifuta rekodi, nikaandika maelezo kwenye grupu. Wengine walicheka, wengine wakanyamaza. Dereva mmoja aliandika kwamba amepoteza mafuta. Alikuwa na haki.

## Uchambuzi: kwa nini Oktoba, kwa nini ndege huyu

Mtego huu una msimu. Majoho hawaji kwa pamoja. Dume halalii mayai wala halei makinda, kwa hiyo huanza safari mapema, wengine wanafika kwetu Agosti wakiwa bado na mabaki ya manyoya ya sherehe. Majike hufuata. Ndege wa mwaka huu huja mwisho, na huja bila wazazi kuwaongoza. Septemba na Oktoba ndio wakati ambapo bwawani kuna wakubwa waliochakaa, wa kijivu, wenye manyoya yaliyokatika ncha, pamoja na wadogo waliovaa nguo mpya: kifua cha samli, mgongo wenye magamba yaliyopangwa vizuri. Ukiwaona bega kwa bega unaweza kuapa ni jamii mbili.

Halafu kuna ukubwa. Joho dume hufika sentimita 30, jike huishia 26 hivi. Tofauti ya dume na jike wa joho ni kubwa kuliko tofauti ya jamii nyingi tunazozitenganisha. Mimi nilimlinganisha ndege na dume aliyesimama naye, nikamwona kibete. Binti alimlinganisha pia na kitwitwi mwenye nukta, ambaye ni *Tringa glareola*, ndege wa sentimita 20 hivi anayejulikana na kila mtu pale. Kipimo chake kilikuwa bora kuliko changu, na hakuwa na teleskopu.

## Uchambuzi: jina na macho

Baada ya mambo kutulia nilizipanga karatasi zote kwa saa zilipoandikwa. Kabla ya saa 2:15 kuna moja tu, ya binti. Baada ya hapo kuna fomu tatu. Zote tatu zina *subruficollis* kwenye safu ya kwanza, na kwenye safu ya maelezo zote zimeandika "miguu ya njano".

Miguu haikuonekana. Nimezikuza picha sita mpaka zikawa vigae: magoti kwenda chini ni tope jeusi. *Subruficollis* ndiye mwenye miguu ya njano, kitabuni. Watu watatu waaminifu, akiwemo mtu mzima anayeishi kwa kazi hii, walisikia jina na macho yao yakaleta miguu iliyostahili jina hilo. Hawakudanganya. Nami nisingeandika tofauti, na kama ningekuwa na kalamu mkononi badala ya teleskopu kungekuwa na fomu ya nne.

Ndiyo maana silaumu uzoefu mdogo wa vijana. Aliyekuwa na uzoefu mdogo kuliko wote ndiye aliyeandika "sioni" alipokuwa haoni. Kilichomwokoa ni kukaa mbali nasi na kutolijua jina. Tulivyoipanga fomu, hangeweza hata kuanza kuijaza: safu ya kwanza ilimdai kitu asichokuwa nacho, na pengine ndiyo sababu alikimbilia daftari.

Lugha nayo ina neno lake hapa. Tumezoea kusikitika kwamba Kiswahili kina jina moja kwa ndege kumi wa tope. Siku ile umaskini huo ulitusaidia. "Magamba ya samaki", "rangi ya samli" na "weupe huku na huku" ni maneno ya mtu anayeeleza kitu alichokiona. *Subruficollis* ni neno la mtu aliyekwisha kuamua.

## Uchambuzi: hesabu na ramani

Kuhusu hesabu sina mengi. Hesabu kubwa za ndege wa majini hufanywa Januari kwa sababu wakati huo wahamiaji wametulia. Oktoba unahesabu wapita njia: kundi la leo huenda kesho likawa nchi nyingine, na la kesho ni wageni wengine. Idadi ya Oktoba ina thamani ikiwa saa imeandikwa kwa kila kundi na wahesabuji wameanza pamoja. Kosa letu lilianzia kwenye pancha na kukuzwa na fomu.

Kuhusu ramani, nimebishana na wenzangu na bado sijawashawishi wote. Wapo wanaosema mahali pa ndege pasifichwe, kwa kuwa hakuna mwenye ndege. Mimi sasa naona kwamba mahali pana wenyewe hata kama ndege hana. Kabla ya kutuma alama ya ramani ilinipasa nimpigie mzee, au angalau nieleze njia ya kupita: tuta la magharibi, kushoto kwa pampu, usishuke kwenye tope. Ujumbe mmoja wa sentensi mbili ungeokoa matuta matatu. Vilevile ungewaokoa ndege na usumbufu, maana waliokuja waliingia katikati ya sehemu ndege wanapokula, na ndege aliyetoka Siberia akakonda njiani anahitaji kila saa ya kula anayoipata.

## Fomu ya sasa

Safu ya kwanza ni saa. Ya pili ni "ulichoona", ya tatu ni "usichoweza kuona", ya nne ni idadi. Jina liko mwisho, na linaruhusiwa kubaki wazi. Kiongozi hatamki jina mpaka kila mtu amefunga daftari. Vijana wamelifanya mchezo, wananikodolea macho waone kama nitashindwa kujizuia.

Oktoba iliyofuata mvua ziliwahi. Tulifika saa 12 kamili, teleskopu tukaibeba hadi mashariki, tukakuta tope lote liko chini ya maji. Binti alijaza mstari mmoja: "Saa 12:20. Vitwitwi 4 wenye nukta, wamesimama juu ya pampu." Mzee alikuwa anapalilia. Aliuliza kama mwaka huu tumeleta watu wangapi, tukamwambia tisa, akahesabu kwa kidole hadi tisa, akarudi kwenye vitunguu vyake.